Kumwangusha mtu mkiwa mmekumbatiana: mwongozo wa mieleka kwa wanaoanzia Moshi

Ukisimama pembeni ukawatazama vijana wawili wanaoanza mieleka, utaona jambo lilelile kila jioni. Wakishashikana tu, kila mmoja anavuta. Huyu anavuta bega, yule anavuta shingo, wanazunguka wakihema mpaka mmoja achoke, ajikwae, aende chini. Waulize aliyeshinda alishindaje, watakwambia ana nguvu.

Sio nguvu. Mtu aliyesimama vizuri unaweza kumsukuma na kumvuta hadi giza liingie na asianguke, kwa sababu kila ukimsukuma anapiga hatua, na ile hatua ndiyo inayomwokoa. Anaanguka pale anapotaka kupiga hatua akakuta mguu wa kupigia hana: ama umeuzuia, ama umeubebesha uzito wake wote na hauwezi kunyanyuka. Kazi yote ya kuangusha mtu mkiwa kifua kwa kifua ni hiyo. Mikono, kichwa na nyonga vipo ili kumfikisha hapo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa vijana wa Moshi, na wenzao wa Arusha, wanaofanya mazoezi uani au kwenye ukumbi wa kuazima, wengi wakitokea kwenye ngumi na karate. Kwenye ngumi mkikumbatiana mwamuzi anawaachanisha. Huku, mkikumbatiana ndipo kazi inapoanza.

Pa kuangukia kwanza

Usijaribu chochote cha hapa chini kwenye saruji, wala kwenye udongo wa uani ambao kiangazi unakauka mpaka unalia ukiugonga. Magodoro ya sponji yaliyopangwa chini nayo hayafai kwa kusimama. Mguu unazama, kifundo kinapinda, na katikati ya godoro na godoro pana mfereji unaomeza vidole. Yatumie kujifunzia kuanguka tu.

Kinachofaa na kinachopatikana ni maranda. Karakana za useremala Moshi hazikosekani, na kwa mafundi wengi maranda ni mzigo wa kutafutiwa pa kutupwa. Omba yaliyotoka kwenye randa, yale ya vipande vilivyojikunja. Unga wa msumeno peke yake unashindiliana unakuwa mgumu, na vumbi lake linaingia kifuani. Pigilia fremu ya mbao, mita nne kwa nne ikipungua sana, kina cha sentimita 20 hivi. Jaza, kanyageni, jaza tena, mpaka ukitua kisigino kwa nguvu kiache alama ndogo tu. Juu tandika turubai zito la kufunikia mizigo ya lori, livutwe na kufungwa kamba pande zote. Turubai likilegea linafanya makunyanzi, na makunyanzi ndiyo yanayovunja vidole vya miguu. Kingo za mbao zizungushiwe viroba vilivyojazwa maranda yaleyale.

Kabla ya kumwaga, pitisha sumaku. Tafuta sumaku ya spika iliyokufa kwa fundi redio, ifunge kamba, ikokote ndani ya maranda kiroba kwa kiroba. Itatoka na misumari, vipande vya bati, skrubu, pini za mashine ya kubania. Kazi hii haina raha na kila kijana ataikwepa, kwa hiyo mpe anayechelewa mazoezini. Masika yakianza, Machi hadi Mei, upande wa chini wa turubai unaota ukungu. Siku jua likitoka, funua uanike, na maranda yaliyogeuka meusi yatupwe.

Mavazi: kaptura isiyo na mifuko na fulana inayobana. Mnaofanya judo, ukibahatika utapata koti la judo la mtumba pale soko la Memorial. Ukikosa, koti gumu la jinzi linafaa, ila ng'oa zipu na vifungo vya chuma. Kucha zikatwe. Pete, hereni, cheni na bangili zibaki kwenye begi.

Kujifunza kuanguka

Hapa kila mtu ana haraka ya kupita. Msipite.

Anza ukiwa umechuchumaa. Bana kidevu kifuani, jiviringishe nyuma mgongo ukiwa wa duara, na mgongo unapogusa turubai piga chini kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, mikono ikiwa imeachana na mbavu kama nyuzi 45. Toa pumzi wakati wa kutua. Kisogo kisiguse chini kabisa. Ukizoea, fanya ukiwa umesimama, halafu fanya kwa ubavu: kulia, kushoto.

Kosa linalopeleka watu hospitali ni kunyoosha mkono nyuma ili ujizuie. Uzito wa watu wawili ukishuka juu ya mkono ulionyooka, kiwiko kinatoka, au mtulinga unavunjika. Mkono unapiga chini na kulala, haufanywi nguzo. Mwenzako akikuangusha, mshike kwa mkono mmoja wala usigombane na anguko lililokwisha tokea.

Kugonga nako kufahamike siku ya kwanza. Ukiumia au ukibanwa, mgonge mwenzako mara mbili au sema "basi". Anayegongwa anaachia palepale, hata kama yeye ndiye mkubwa. Mtu akigonga kichwa chini na kuona kizunguzungu, siku yake imeisha. Akitapika, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, jioni hiyohiyo, msingoje asubuhi.

Kusimama, kichwa na kwapa

Miguu iachane upana wa mabega, mmoja mbele kidogo. Magoti yamelegea, mgongo umenyooka, matako hayajabaki nyuma. Uzito ukae mbele ya nyayo. Unapohama, usivushe mguu mmoja mbele ya mwingine: mguu wa mbele ukienda, wa nyuma unafuata, umbali uleule. Ukipishanisha miguu hata mara moja mbele ya mtu anayejua, hahitaji mtama, atakusukuma tu.

Kichwa kinapigania nafasi kuliko watu wanavyodhani. Paji lako la uso likae kwenye kona ya taya lake au kando ya sikio, likisukuma kidogo muda wote. Anayegeuzwa uso pembeni hawezi kuzunguka upande ule, na mgongo wake unaanza kupinda bila yeye kujua. Usiuache uso wako ukitazamana na wake hivi hivi, vichwa vitagongana. Usitazame miguu yake pia, nitaeleza kwa nini.

Sasa kwapa. Mkiwa mmekumbatiana kuna mikono ya aina mbili. Mkono wa chini ni ule unaopita chini ya kwapa lake na kupanda mgongoni. Mkono wa juu ni ule unaoufunika mkono wake kwa nje. Mwenye mikono miwili ya chini ndiye mwenye mchezo. Mwenye mmoja ana nusu. Asiye nao kabisa anajilinda.

Mkono wa chini uwe na kazi. Wengi wakishaupata wanaulaza kiunoni mwa mwenzao wakapumzika, na papo hapo jamaa anaubana kwa nje na kuugeuza kuwa mtego. Upandishe. Kiganja kishike juu ya bega lake kwa nyuma, kiwiko chako kikilinyanyua bega hilo lielekee sikio lake. Bega likipanda, ubavu unafunguka na mguu wa upande ule unakuwa mwepesi. Utausikia.

Zoezi la kugombea kwapa lifanyike kila siku, kabla ya chochote:

1. Simameni kifua kwa kifua, kila mmoja akiwa na mkono mmoja wa chini na mmoja wa juu.
2. Mkono wako wa juu utoe, ukunje vidole pamoja, upenyeze katikati ya vifua viwili kiwiko kikiwa kimebana mbavu, kisha upandishe chini ya kwapa lake mpaka kwenye bapa la bega.
3. Mwenzako naye anafanya hivyo upande wa pili. Mnapokezana bila kusimama, miguu ikitembea, vifua visiachane.
4. Dakika tatu za kwanza hakuna kushindana. Dakika tatu zinazofuata mnakazana nusu ya nguvu. Za mwisho, anayepata mikono yote miwili ya chini na kufunga viganja mgongoni kapata pointi, mnaanza upya.

Kuna namna nyingine ya kushikana, ya kushika kisogo. Kiganja kiwe juu, kwenye kisogo chenyewe na sio shingoni, mkono wako ukilala juu ya mtulinga wake na kiwiko kikitazama chini. Hapo usivute kwa misuli. Uning'inize uzito wako kama gunia lililotundikwa, aubebe yeye. Baada ya dakika moja shingo yake itakuwa imechoka na wewe hujatumia kitu.

Kuutafuta mguu mzito

Hapa ndipo penye mchezo wenyewe, na ndipo pasipofundishwa.

Mtu anapotembea, kila sekunde mguu mmoja ni mzito na mwingine mwepesi. Mguu mzito ni ule uliobeba mwili. Hauwezi kunyanyuka mpaka uzito uhame. Mguu mwepesi uko hewani, au ndio kwanza unatua, au ndio kwanza unaondoka. Kanuni ni mbili tu. Mguu mzito unauzuia, halafu unamsukuma mtu apite juu yake. Mguu mwepesi unaufagia kabla haujapokea uzito. Ukifagia mguu mzito utaumia muundi bure. Ukizuia mguu mwepesi ataunyanyua na kukuruka.

Uzito unauhamisha wewe. Ukiusukuma upande wake wa kushoto kwa nyuma, mguu wa kushoto unakuwa mzito. Ukinyanyua bega lake la kulia kwa mkono wa chini, uzito unakimbilia kushoto vilevile. Ukimzungusha, mguu wa nje unalazimika kukimbia, na kila unapotua kuna kitambo kidogo ambacho mwili wote uko juu yake. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Japani mwaka 1882, aliligawa tendo la kutupa katika sehemu tatu: kuvunja mizani ya mtu, kujiweka mahali pake, na kutupa kwenyewe. Vijana wetu wanaanzia ya tatu.

Macho hayasaidii sana hapa. Ukiinamisha kichwa uangalie miguu, umempa kisogo chako bure. Uzito unasikika kwa kifua na mikono. Jaribuni hivi: mmoja afumbe macho mkiwa mmekumbatiana, mwingine ahamishe uzito polepole huku na huku, na aliyefumba ataje "kulia" au "kushoto". Mwanzoni anabahatisha. Baada ya wiki chache hakosei. Judo ya Paralimpiki, ambayo tangu 1988 ni ya wasioona na wenye uoni hafifu, huanza wachezaji wakiwa tayari wameshikana, na watazame wanavyoangushana.

Kijana mmoja mwembamba aliwahi kuniambia, "Kocha, huyu kaka kanizidi kilo, simwezi." Nikamjibu, "Mdogo wangu, kumbeba humwezi. Nani kakutuma umbebe?" Akarudi kumtembeza tu, kushoto, kulia, kushoto, mpaka yule mkubwa alipojiinamia kwenye mguu wake mwenyewe.

Kufunga kiuno na mtama wa nje

Anza na huu, kwa sababu hata usipokamilika hauachi mgongo wako wazi.

Ukishapata mikono miwili ya chini, au mmoja wa chini na mmoja wa juu, funga viganja mgongoni mwake, chini ya mbavu, usawa wa mkanda. Kiganja juu ya kiganja, vidole gumba vikiwa vimelala. Usipachanishe vidole, maana vikiangukiwa havitoki. Sogeza nyonga zako mpaka ziguse zake. Wengi wanakosea hapa: mikono imefunga lakini nyonga ziko mbali, wanabaki kumvuta kwa migongo yao. Nyonga zikigusana, vuta mikono kuelekea tumboni mwako na wakati huohuo sukuma kwa kifua na kichwa. Kiuno chake kinakuja, mabega yake yanakwenda nyuma. Hapo uzito wake uko kwenye visigino.

Sasa tuseme unamwangushia kushoto kwake. Mguu wako wa kushoto uingie katikati ya miguu yake. Mhamishie uzito kushoto kwa kifua. Mguu wako wa kulia uzunguke kwa nje na uweke nyuma ya kisigino chake cha kushoto, kigimbi chako kikigusana na chake. Mguu huo huupigi, unauweka. Halafu tembea kwa kifua kuelekea kona ya nyuma ya kushoto kwake, juu ya ule mguu. Anataka kurudi nyuma hatua moja, mguu umezuiwa, anakaa chini.

Mnaposhuka, fungua viganja kabla mgongo wake haujafika chini. Mikono iliyobaki imefungwa chini ya mgongo wa mtu wa kilo 80 inavunjika vifundo, na nimeona vidole vya watu viwili vikivimba kwa uzembe huo. Fuata naye mpaka chini, kifua juu ya kifua chake, ila goti lako lisimtue tumboni.

Lipo kosa moja la kulikataza kabisa: kunasa mguu wake halafu wewe mwenyewe ukajirusha nyuma au pembeni uking'ang'ania. Uzito wa wote wawili unaliangukia goti lake kwa ubavu. Goti halijaumbwa kukunjwa hivyo.

Mtama wa ndani

Akishajua wa nje, ataanza kupanua miguu ili usimfikie kisigino. Miguu ikipanuka, njia ya ndani imefunguka. Wanajudo wanauita ouchi gari.

Mkono wako wa kulia uko chini ya kwapa lake la kushoto, wa kushoto umeudhibiti mkono wake wa kulia juu ya kiwiko. Mvute kidogo mpaka mguu wake wa kushoto uje mbele au utanuke. Mguu wako wa kushoto uusogeze nyuma ya kisigino chako cha kulia, hapo umefika karibu bila yeye kuona hatua kubwa. Mguu wako wa kulia uingie katikati ya miguu yake na uchore nusu duara juu ya turubai, vidole vikikwaruza chini, ukiufungua mguu wake wa kushoto kwa ndani. Usiunyanyue juu. Ukiunyanyua umebaki na mguu mmoja, na yeye anayo miwili. Kifua kinaelekea kulekule, kona ya nyuma ya kushoto kwake.

Wawili hawa, wa nje na wa ndani, waende pamoja. Ukitishia wa ndani atautoa mguu nyuma, na ule uliobaki ni mzito: uzuie kwa nje. Ukitishia wa nje atatanua: ingia ndani. Ukifanikiwa kuunganisha hata mara mbili bila kusimama katikati, umeshawazidi wengi mnaofanya nao mazoezi.

Goti la mbali

Hili ni tamu kwa wafupi. Una mkono mmoja wa chini, tuseme wa kulia, chini ya kwapa lake la kushoto. Linyanyue bega na umsukume mpaka uzito wake uhamie mguu wa kulia. Shuka kwa magoti, usiiname kwa mgongo, na kiganja chako cha kushoto kiuzuie mguu wake wa kulia nyuma ya goti. Sio kulivuta goti, ni kulizuia tu lisirudi. Halafu kimbia mbele, mkono wa chini ukimsukuma kuelekea upande wa lile goti. Ukisimama baada ya kushika goti umeharibu, maana nguvu yote iko kwenye hatua tatu za kukimbia.

Anayeegemea: shusha kichwa

Waliotoka kwenye ngumi wana tabia ya kuegemea wakichoka. Kichwa kinakuja mbele, kifua kinakulalia. Huyo usihangaike kumsukuma nyuma, mpe anachokitaka. Shika kisogo kwa mkono mmoja na kiwiko chake kwa mwingine. Msukume kidogo kwanza, atajibu kwa kusukuma zaidi. Akisukuma, rudi hatua ya mshazari na uangushe uzito wako wote kwenye kisogo, viwiko vikibaki karibu na mbavu zako. Mikono yake itagusa chini. Usibaki mbele yake ukifurahi: kifua chako kilalie mabega yake, sukuma kiwiko chake ndani, zunguka ukashike kiuno kwa nyuma.

Na hapo kuna kishawishi cha kumkaba kabali. Mwanzoni acheni. Jifunzeni kuzunguka kwanza, kabali hazikimbii.

Kumbeba mtu kwenye nyonga na kumpitisha juu kuna nafasi yake, lakini kunahitaji akuegemee, nyonga zako ziingie chini ya mkanda wake, na magoti yakunjwe kabla ya kunyooshwa. Anayeanza mara nyingi anashika kichwa peke yake, anageuka, jamaa anachomoa kichwa na kubaki mgongoni kwake. Subirini miezi.

Mawili msiyaguse kwenye maranda. La kwanza ni kumnyanyua mtu kwa kiuno na kumtupa nyuma kupitia juu ya kichwa chako. Wale mnaowaona kwenye simu, wakina Alexander Karelin wa Urusi aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1988, 1992 na 1996, walianza kwa midoli mizito na kocha wa kusimama pembeni. La pili ni kuirukia miguu ya mtu kwa mkasi. Mwaka 1980 Yasuhiro Yamashita, bingwa mkubwa wa Japani, alivunjwa mguu kwa mkasi huo kwenye mashindano ya taifa lake, na judo imeupiga marufuku.

Ukifungwa wewe

Akishafunga viganja kiunoni mwako, usimkumbatie kwa hasira. Rudisha nyonga nyuma haraka, tanua miguu, na uweke paji la uso chini ya taya lake. Mikono yako miwili isukume nyonga zake, sio kifua chake: kifua hakimwangushi mtu, nyonga ndizo zinazokuja. Ukipata mkono mmoja wa juu, ubane juu ya kiwiko chake na uushushe uzito wako kwenye bega lile mpaka mgongo wake upinde. Huo ndio mwanzo wa kugombea kwapa upya. Na pumua. Wengi wanaangushwa wakiwa wamebana pumzi, hasa wanaotoka Moshi kwenda kucheza Arusha, ambako mji uko juu, kimo cha mita 1,400 hivi, na Julai baridi inakukaza misuli kabla hujaanza. Huko pasheni miili mara mbili ya mnavyopasha hapa.

Mchezo upi, sheria ipi

Kabla ya kwenda kwenye mashindano ulizeni ni ya mchezo gani, maana yote haya hayaruhusiwi kila mahali. Mieleka ya mtindo wa Kigiriki na Kirumi hairuhusu kushika chini ya kiuno wala kutumia miguu kumwangushia mtu. Kwa hiyo mtama wote umetoka, goti limetoka, umebaki na kufunga kiuno, kushusha kichwa na nyonga. Mieleka huria inaruhusu yote: kumwangusha na kumdhibiti ni pointi mbili, ukimrusha kutoka kusimama mgongo ukaelekea chini moja kwa moja ni nne. Judo inaruhusu mitama yote miwili, lakini kugusa miguu kwa mikono kulianza kubanwa 2010 na kukafungwa kabisa 2013, kwa hiyo lile goti msilipeleke huko. Jujitsu ya Brazil inatoa pointi mbili, ila kwa sheria za shirikisho lao kubwa ni lazima umdhibiti chini kwa sekunde tatu. Ukimwangusha akainuka palepale hukupata kitu.

Ukitaka kumwona Mtanzania akiwa kazini, tafuta mapambano ya Andrew Thomas Mlugu, aliyetuwakilisha kwenye judo Olimpiki ya Paris 2024, kilo 73. Angalia mikono na kichwa kabla hujaangalia miguu.

Jioni moja ya mazoezi

Saa moja na nusu inatosha. Dakika kumi na tano za kupasha mwili na kuanguka. Dakika kumi za kugombea kwapa. Dakika kumi za kutembezana macho yakiwa yamefumbwa. Dakika ishirini na tano za njia moja, moja tu, kila mtu akiangusha na kuangushwa kwa zamu, aanguke kwa kuwekwa na sio kwa kutupwa. Kisha mapambano ya dakika mbilimbili mkianzia kifua kwa kifua. Aliyeangusha anabaki, aliyeanguka anatoka na mwingine anaingia.

Pangeni kwa uzito. Tofauti ikizidi kilo kumi, mkubwa asiangushe kwa kulalia, aishie pale mdogo anapokaa chini. Wasichana wapewe nafasi ya kuchagua wa kushikana naye, na atakayeleta mzaha wa mikono atolewe siku hiyohiyo. Watoto wa chini ya miaka kumi na miwili wafanye kuanguka, kwapa na kutembezana tu, mitama ingoje. Na kabla ya wa kwanza hajakanyaga turubai, mtu mmoja azunguke peku kingo zote akikagua kamba.